Salfa ya Mjomba

Baba alituachia nyumba ya bati nyuma ya soko la Nachingwea na chaja ya betri iliyokuwa nzito kama kinu. Mama alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja. Mimi ndiye mkubwa, msichana niliyeishia darasa la sita, na nyuma yangu walikuwepo watatu: wavulana wawili, halafu kitinda mimba wetu, mtoto wa kike ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota upya.

Chaja ile ndiyo iliyotulisha. Wakati ule, mwishoni mwa miaka ya tisini, mjini Nachingwea tulikuwa na umeme wa jenereta, uliokuja bila hodi na kuondoka bila kuaga, lakini ulikuja. Vijiji vya Ruangwa havikuwa nao kabisa. Mwenye redio kubwa, mwenye banda la video, mwenye gari lisilowaka, wote walifunga betri nyuma ya baiskeli au wakaipakia kwenye lori la mizigo, wakatuletea. Barazani kwetu betri zilikaa mstari kama watoto wanaosubiri chanjo. Baba alinifundisha kazi hiyo nikiwa mdogo, kwa sababu alisema mikono ya wavulana ina haraka.

Siku ya hitma ya arobaini ya Baba, wageni walipomaliza pilau, Mjomba aliita kikao. Kwetu watoto ni wa upande wa mama, na neno la mjomba ndilo neno. Yeye alikuwa mkulima wa Chiola, mtu wa mikorosho, mrefu, mpole, mwenye kupenda kusaidia kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Akasema alichofikiri ni msaada.

"Wavulana nitawachukua mimi. Huyu mdogo ataenda Ruangwa kwa mama yake mdogo. Na wewe mwanangu, umri wako sasa ni wa kuolewa."

"Na nikikataa, Mjomba?"

"Kukataa kuolewa?"

"Kukataa kugawanywa."

Wazee wakacheka. Bibi mmoja wa jirani akasema, "Mwacheni, ana kichwa cha marehemu mama yake huyo." Mjomba alinitazama, halafu akawatazama wale watatu waliokuwa wamejibana nyuma ya mlango wakidhani hatuwaoni.

"Basi jaribu," akasema. "Mpaka korosho zianze kuanguka. Nikija nikakuta kazi imekushinda, nabeba wangu naondoka nao. Na hatugombani."

"Hatugombani, Mjomba."

Muda si mrefu baada ya hapo likaja gari la ajabu. Lilikuwa lori kuukuu ambalo nyuma limejengewa chumba cha mbao na bati, chenye madirisha yenye mapazia ya maua, mlango, na ngazi ya kukunja. Kabla halijazima injini sokoni, vijana walishalipa jina: Konokono. Mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali, mtu wa Bukoba, kazi yake kupima ardhi na kutafuta mahali pa kuchimba visima. Sisi tulimwita Mpima. Alisema amechoka kunguni wa nyumba za wageni, akaamua kulala ndani ya gari lake popote kazi itakapomkuta. Mkewe alikubali kufuatana naye kwa sharti moja tu, awe na friji.

Friji hiyo, taa, feni na mashine yake ya kupimia vyote vilitegemea betri mbili kubwa zilizokaa kwenye sanduku chini ya kitanda, mbali na ile ya kuwashia injini. Siku aliponiletea zilikuwa kimya kabisa.

"Zimekufa au zimezimia?" akaniuliza.

"Zimezimia. Lakini ukiendelea kuzizimisha hivi zitakufa kweli."

Mkewe akapiga makofi, akashangaa kwa Kihaya chao. "Waitu! Mwambie, mdogo wangu! Mimi nikisema, naambiwa sijasoma umeme."

Tuliziangalia pamoja. Maji ndani yalikuwa yamepungua mpaka mabamba yakaonekana, na vichwani, pale nyaya zinapofungwa, paliota ukungu wa kijani. Nikaukwangua, nikaosha kwa maji ya magadi, nikapaka grisi kidogo. Nikajaza maji ya betri, nikazichaji polepole, kwa sababu betri iliyochoka ukiisukumia umeme kwa nguvu inachemka bila kushiba. Yeye naye alinifundisha jambo ambalo Baba hakuwahi kuniambia: kwamba betri za kuendeshea nyumba hazipendi kumalizwa. Ukifika nusu, zima friji, chaji kwanza. Alikuwa analijua hilo siku zote. Ila soda ya baridi jioni ilikuwa inamshinda.

Kabla ya kuondoka kwenda Namungo, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako angepiga kambi, aliniambia maneno yaliyonifanya nisilale vizuri. Mradi wa visima ungechukua miaka miwili. Betri zake, za mashine zake na za wenzake watakaofuata, alitaka zitunzwe na mtu mmoja. Akaniachia zile mbili nizishughulikie barabara, nimpelekee kwa lori.

"Tukitoka Namungo tukafika Chinongwe, kambi ya pili, salama na hizi betri," akasema, "kazi ni yako mpaka mwisho."

Kazi ya miaka miwili. Kwa Mjomba hilo lingekuwa jibu tosha.

Na Mjomba mwenyewe akatokea, jioni ya kuamkia safari yangu. Ulikuwa msimu wa kupulizia mikorosho salfa, ule unga wa njano unaofukuza ubwiri, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua, na alikuwa ametoka kuchukua wake mjini. Alifika na nusu gunia begani, na yeye mwenyewe njano tupu: kofia njano, nyusi njano, hata mvi za kidevuni njano. Wadogo zangu walimwamkia huku wakicheka.

"Shikamoo, Mjomba Embe!"

"Marahaba, wajukuu wa nyani."

Baada ya kula alikaa barazani akizizunguka betri za Mpima kama mtu anayechagua mbuzi. Alitaka kujua kila kitu. Hiki kifuniko cha nini, haya maji ya nini, mbona hairuhusiwi kuyagusa?

"Ni asidi hiyo, Mjomba. Itakuunguza."

"Asidi ya nini?"

"Ya salfa. Wanasema imetengenezwa kutokana na salfa."

Akageuka akalitazama gunia lake. Nilidhani amechoka na mwendo.

Asubuhi nilienda stendi kutafuta lori. Niliporudi nilimkuta amevaa, amefungasha, anatabasamu. "Twende wote," akasema. "Nataka nikawaone hao watu wanaoishi ndani ya gari. Nijue mwanangu anafanya kazi kwa watu wa namna gani." Wadogo zangu niliwaacha kwa yule bibi jirani. Mjomba alipanda juu ya lori akakaa na betri miguuni pake, na kila tulipopita bonde alizishika kwa mikono miwili, kama amepakata watoto.

Namungo wachimbaji walikuwa wamezoea Konokono tayari. Walikuja jioni kusikiliza mpira kwenye redio ya Mpima, wakaketi chini ya dirisha lake. Tuliziingiza betri kwenye sanduku, nikafunga nyaya, nikakaza. Taa ikawaka. Feni ikazunguka. Mjomba akatikisa kichwa kwa furaha, kana kwamba yeye ndiye aliyeunganisha. Mpima akawasha injini ili kuona kama alteneta inazichaji sawasawa, tukatoka nje kunywa chai.

Harufu ilianza taratibu. Mke wa Mpima ndiye aliyeisikia kwanza, maana alikuwa ndani anapanga friji yake.

"Kuna yai limeoza humu!" akapaza sauti. "Yule muuza mayai wa Ruangwa! Na aliniapia kwa Mungu wake!"

Alikuwa na trei nzima. Akachukua bakuli, akapasua yai la kwanza. Zima. La pili, zima. Harufu ikazidi, naye akaendelea kupasua, akisema lazima lililooza lipatikane. Wachimbaji wakasogea dirishani wakimshangilia kama wako uwanjani. "Hilo! Hilo ndilo! Aaa, limekwepa!" Alipomaliza trei alikuwa na bakuli kubwa la mayai mazima yasiyo na hatia, na harufu ipo palepale. Hapakuwa na la kufanya ila kuwasha jiko. Aliyakaanga yote kwa vitunguu, kila aliyekuwepo akapata kipande. Mjomba akapewa kikubwa kwa heshima ya ugeni.

Mimi sikula. Harufu ilikuwa inatoka chini ya kitanda.

Nilimwomba Mpima azime injini, nikafungua madirisha yote, nikavuta sanduku, nikafungua kifuniko cha kwanza. Juu ya asidi palikuwa na utando wa njano. Cha pili, vilevile. Rangi ile niliijua. Ilikuwa kwenye kofia ya mtu aliyekaa nje anakula mayai.

"Mjomba," nikaita. "Njoo uone."

Akaja na sahani mkononi, akachungulia. Taya likaacha kutafuna.

"Imeyeyuka?" akauliza kwa matumaini.

"Haijayeyuka."

"Labda muda haujatosha."

Mpima naye alikuwa ameshaingia. Aliinama, akanusa, akakunja uso. "Nani ameweka unga humu?"

Nilikuwa naona wadogo zangu wawili juu ya lori la kwenda Chiola, na mmoja analia kwenye lori la Ruangwa. Mjomba aliweka sahani yake juu ya friji, akavua kofia.

"Ni mimi hapa, bwana. Huyu mtoto hajui lolote. Mkorosho ukishikwa na ubwiri unaupa salfa, unarudi. Nikaambiwa na hii nayo inakula salfa. Nikaona nimwongezee kidogo mpwa wangu, kazi yake ipendeze."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kijiko kila tundu."

"Kijiko cha kujaa?"

"Nisingeweza kumnyima," akasema Mjomba.

Nje mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Mke wa Mpima alijifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mpima mwenyewe hakucheka. Aliketi kwenye ngazi ya gari lake, akaniita kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kama angegomba.

"Mwanangu, sina ugomvi na mjomba wako. Lakini Jumatatu nahamia Chinongwe, na mashine yangu bila hizi betri ni mzigo tu. Zikipona kabla ya hapo, tunaendelea kama tulivyopanga. Zisipopona, nitazipeleka gereji Lindi, na kazi nitawaachia haohao. Siwezi kukaa porini nikibahatisha."

Tulirudi Nachingwea na betri zote mbili kwa lori la asubuhi. Tulipokaribia mjini Mjomba akauliza, "Ile ya pili je? Ile sikuimaliza. Nilikuwa katikati, yule bibi jirani akaniita chai imeiva."

Nikamshukuru Mungu kwa chai ya yule bibi.

Kufika nyumbani sikuhitaji kueleza mara mbili. Mdogo wangu anayenifuata alichimba shimo mbali na kisima, akalimwagia majivu mengi. Tukavaa mifuko ya nailoni mikononi, tukainamisha betri moja baada ya nyingine, asidi chafu ikatoka ikichemka povu kwenye majivu, njano, kijivu, njano tena. Kisha ikabidi kusuuza, na kusuuza kunataka maji ya betri, yasiyo na chumvi ya kisimani. Ya dukani yalikuwa kidogo. Tukatengeneza mengine kwa njia ya Baba: sufuria kubwa ya maji motoni, bakuli linaelea ndani, mfuniko umegeuzwa juu chini na kuwekewa maji baridi, mvuke unapanda, unagusa mfuniko, unadondokea bakulini. Mdogo wangu wa pili alikaa na moto ule, akibadilisha maji ya mfuniko kila yakipata joto, bila kukumbushwa. Akiishiwa na kuni alinyoosha mkono tu, na Mjomba alikuwa pale na shoka. Alipasua kuni siku ile kama mtu anayejenga tanuri la matofali.

"Shughuli zote hizi," akaniambia huku akijifuta jasho, "kwa sababu ya kijiko?"

"Vijiko, Mjomba."

"Haya. Vijiko."

Tulisuuza mpaka maji yakatoka meupe. Nikatia asidi mpya kutoka kwa fundi magari, tukafunga chaja, tukasubiri umeme. Umeme haukuja. Siku iliyofuata asubuhi, hakuna. Mchana, hakuna. Mjomba alianza kutembea barabarani kwenda na kurudi akiuliza wapita njia kama wamesikia jenereta. Ulipokuja jioni, soko zima lilipiga kelele, na yeye alipiga kuliko soko zima.

Chaja ikaanza kunguruma. Baada ya saa kadhaa nikamwita kitinda mimba. Alikuja akapiga magoti karibu na betri, akageuza kichwa, akafumba macho.

Mjomba akanivuta kanga. "Huyu naye anafanya nini?"

"Anasikiliza."

"Anasikiliza nini?"

"Zinavyochemka. Kila tundu lina sauti yake. Lililolala halisemi. Sisi wengine masikio yetu hayafiki, kipimo kinatuambia baadaye, yeye anasikia mapema."

Mtoto akainua vidole, akaonyesha. "Hii inasema. Hii inasema. Hii inasema kidogo. Hii..." Akasogea zaidi, nikamshika bega asikaribie mno. "Hii imelala, Dada. Lakini inakoroma."

Mjomba alipiga magoti upande wa pili, mzee mzima, akatega sikio lake. Alikaa hivyo muda mrefu. Halafu akainuka akisaidiwa na ukuta.

"Sisikii kitu," akasema, na sijui kwa nini alionekana kufurahi.

Betri yenye tundu lililokoroma niliiacha usiku mzima kwenye chaji ndogo, na kulipokucha tundu hilo lilikuwa linasema kama mengine. Betri moja ilipona kabisa. Nyingine, ile aliyoimaliza Mjomba, ilirudi ikiwa na nguvu pungufu, na sikumficha Mpima. Jumatatu tulimkuta Namungo anakunja ngazi ya gari. Nilimwambia, "Hii ni nzima. Hii ni mgonjwa aliyetoka hospitali. Taa na mashine itabeba. Friji ipumzike mchana."

Alizipima mwenyewe kwa kipimo chake, tundu baada ya tundu. Aliwasha kila kitu kwa pamoja. Tukakaa tukitazama taa kama watu wanaotazama mgonjwa anakunywa uji. Haikufifia.

"Umesikia, mama?" Mpima akamgeukia mkewe. "Friji ipumzike mchana."

"Nimesikia. Na wewe soda yako ipumzike jioni."

Ndipo akanigeukia mimi akasema tuonane Chinongwe baada ya wiki mbili, na nisichelewe. Halafu akampa Mjomba mkono. "Mzee, karibu kambini wakati wowote. Ila ukija, tutakupekua mifuko."

Korosho zilipoanza kuanguka Mjomba alikuja, kama alivyoahidi, na mama mdogo wa Ruangwa akiwa nyuma yake. Mama mdogo alikuwa na haraka ya lori. Alisema kitanda cha mtoto kiko tayari, kipya, fundi ameleta juzi, na godoro lake.

Mjomba alikaa, akanywa maji, akasema, "Hakuna anayeondoka."

"Kaka, tulikubaliana."

"Tulikubaliana kama kazi imemshinda. Haijamshinda."

"Basi nipe huyu mdogo tu. Yeye ana kazi gani hapa?"

"Usiniulize, hutaamini." Akatuonyesha kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, na mkono wake bado ulikuwa na makovu ya malengelenge ya shoka. "Huyu anabeba. Huyu anachemsha. Huyu anasikiliza. Huyu mkubwa anawaongoza. Nikimtoa mmoja nitakuwa nimeiua biashara, na mimi nimeshaiua mara moja. Sirudii."

Mama mdogo alilalamika sana kuhusu kitanda. Kimetengenezwa, kimelipiwa, akilalie nani? Alilalamika mpaka chakula kikaiva, akala, akalalamika tena, akapanda lori akaenda zake. Tukadhani yameisha. Ijumaa iliyofuata lori la kutoka Ruangwa likasimama mbele ya nyumba, utingo akashusha kitanda na godoro, akasema, "Mama amesema basi kaeni nacho, lakini msimwambie mjomba wenu kwamba yeye mama ameshindwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kuwa na godoro tangu Baba aumwe. Mdogo wangu anayenifuata akasema ni lake kwa sababu yeye ndiye anayebeba mizigo. Wa pili akasema moto umemuumiza mgongo. Kitinda mimba hakusema kitu, alishapanda juu, amejifunika, na alikuwa anajifanya amelala. Tulimbishia hata hivyo, mpaka bibi jirani akagonga ukuta kutuambia kwamba na yeye ni binadamu, anahitaji usingizi.